Kiswahili Chetu Kilipokwenda Vitani

Asubuhi ile Jawadi alikuwa amekaa juu ya kaunta ya duka la baba yake, miguu inaning'inia, anabishana na mteja kama pagne ile, kitenge cha kujifunga, itachuja rangi au haitachuja. Mteja, mama mnene wa mtaa wa Mangobo, aliifikicha nguo kwa kidole chenye mate, akakiangalia kidole, akamwambia, "Weye Mulibanais ya uongo!" Jawadi akacheka mpaka akashika tumbo.

"Mama, Mulibanais gani? Miye mutoto ya Makiso. Uliza mutu yeyote."

Na kweli. Wazazi wake walikuwa Walebanoni wa Kishia, watu wa kijiji kimoja cha bonde la Bekaa, lakini yeye alizaliwa Kisangani, mtaa wa Makiso, akacheza mpira wa vitambaa Kisangani, akatukana kwa Kilingala kabla hajajua kusoma. Mimi ndiye niliyemlea. Naitwa Sakina. Baba yangu alikuwa mwalimu wa Kurani kutoka Kasongo, na kwake ukisema "iko" ulipigwa kofi. Ndiyo sababu naandika Kiswahili hiki kilichonyooka, ingawa mdomoni mwangu ni Kingwana tupu, Kiswahili cha Kongo, alhamdulilahi.

Siku hiyo Papa Hassani, baba yake Jawadi, aliniita nyuma ya duka. Mama yake mzazi, bibi yake Jawadi, alikuwa anaumwa kule kijijini Bekaa. Madame, mke wake, angekwenda kumuuguza, na Jawadi angeanza chuo kikuu hukohuko. Mimi ningekwenda kupika. Yeye angebaki na duka.

"Sakina, unaenda na mutoto," alisema. "Unanirudishia ye."

Nilicheka. "Papa, mutoto gani ule? Iko na ndevu kushinda weye."

Hakucheka. Alininyooshea mkono, nikaushika. Mimi ni mkaidi, kila mtu wa Makiso anajua. Nikiahidi, nimeahidi.

Alikuwa na sababu ya kuniamini. Nilipokuwa na miaka kumi na minne, majeshi ya nchi mbili jirani yalikuja kupigana wao kwa wao katika mji wetu. Kila moja lilisema limekuja kutulinda. Watu husema wapiganapo tembo nyasi ndizo huumia. Mimi nasema nyasi hazina mama.

Baba alitoka kutafuta maji siku ya pili. Hakuvuka barabara.

Papa Hassani alikuja kutuchukua, mimi na mama, akatuficha katika depo, ghala la duka, nyuma ya marobota ya pagne. Jawadi alikuwa na miaka minne. Walimweka katikati yangu na ukuta, kwa kuwa mimi nilikuwa mnene kuliko wote.

Bomu likianguka, alifungua mdomo kulia. Nilimziba masikio, nikamnong'oneza:

"Habari?"

"Muzuri."

"Ya wapi?"

"Ya Kisangani."

Bomu jingine, mchezo uleule. Habari? Muzuri. Ya wapi? Ya Kisangani. Nilimwambia mtoto mwenye adabu hujibu haraka, na akijibu haraka bomu halimkuti. Uongo mtupu, lakini ulimnyamazisha. Paa la depo lilitobolewa mara moja, robota la mbele likashika moto, na mama akalizima kwa mikono yake. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa kipya kinachoungua, natoka nje kwanza.

Tuliporudi nyumbani tulikuta askari wamepika kwetu. Walikula maharage yetu, wakaiacha sufuria ya mama juu ya majivu, haijaoshwa. Mama aliinyanyua kwa kijiti kama mtu anayebeba nyoka aliyekufa, akaenda nayo mpaka mtoni, akaitupa. Ilikuwa sufuria nzuri, ya harusi yake. Nilimlilia aichukue, akaniambia nikitaka nimfuate majini nikaichukue mwenyewe.

Basi, ndiyo sababu.

Kijiji cha Bekaa kilikuwa chini ya mlima, na nyuma ya mlima kulikuwa na Syria. Nilipanda lengalenga, mchicha wa kwetu, nyuma ya jiko, mbegu nilizozifunga kwenye kona ya kitambaa changu cha kichwa. Wanawake wa kijiji walikuja kunicheka kwamba napalilia magugu. Niliwapikia na vitunguu, wakala, wakaacha kucheka, wakaanza kuiba.

Kulikuwa na Medi pia. Medi alikuwa mtoto wa Kisangani kama sisi. Baba yake Mlebanoni, mama yake Mama Vero, Mgenia, wa wale wavuvi wa maporomoko ya mto wetu, Mkristo, muuza samaki mwenye sauti ya kuamsha wafu. Baba alimleta kijijini akawajue ndugu zake. Yeye na Jawadi wakawa chanda na pete. Kila mchana walikaa jikoni kwangu, wakala lengalenga kwa mkono, wakacheka kwa Kingwana. Watu walidhani tunawasengenya. Tulikuwa tunawasengenya.

Halafu picha zikaanza kuonekana kwenye nguzo za umeme.

Syria ilikuwa imewaka, wenyewe kwa wenyewe, na wanamgambo wa Kishia wa upande wetu walikuwa wamevuka mlima kwenda kuisaidia serikali ya kule. Vijana wa kijiji walikwenda na kurudi katika magari yaliyofunikwa maturubai. Wengine walirudi kama picha. Siwezi kuwadharau. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Gari lililotegwa bomu lililipuka njia ya kwenda sokoni, na upande wa pili walikuwapo watu walioapa hadharani kuwachinja Washia wote, hata bibi yetu aliyekuwa kitandani.

Jawadi aliniambia jikoni. Kwa mama yake alisema anakwenda Beirut kwa masomo.

"Yaya, bakivuka mulima, batatuua sisi bote."

"Na weye ukivuka mulima, kule utakuwa nani?"

"Nitakuwa mulinzi."

"Hata bale ba Kisangani balisema banakuya kutulinda."

Alichukua jani la lengalenga, akalikunja, akalikunjua. "Ile haikuwa sawa na hii," akasema, na nikaona hakumbuki. Alikuwa na miaka minne tu. Alichokumbuka ni kwamba hakufa.

Alikwenda, Medi naye. Siku ishirini kule, kumi nyumbani. Nilimpigia simu Papa Hassani nikamwambia ukweli. Alilia kama mtoto, mwanaume yule mkubwa, kisha akasema maneno mawili tu: "Sakina, uliahidi."

Likizo ya pili Jawadi alirudi amekonda, akakaa mahali pake. Nilimpakulia. Hakula.

"Yaya, tulilala mu nyumba ya batu. Balikimbia. Tulikula mu masufuria yao."

Mwiko uliniponyoka.

"Uliosha?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Sufuria, Jawadi. Uliiosha?"

Alisukuma sahani mbali. Nilitamani kumpiga kofi la Kasongo, kofi la baba yangu. Badala yake nilimsimulia sufuria ya mama, kuanzia mwanzo mpaka mtoni. Alisikiliza kichwa chini. Mwisho nikamwambia aache, arudi Kisangani, nitapata tiketi hata kwa kuuza meno yangu.

"Siwezi," akasema. "Hawana bengine."

Ndipo akanieleza. Kule, kila neno la Kiarabu lililosemwa redioni lilisikilizwa na upande wa pili. Siku moja kamanda aliwasikia yeye na Medi wakitaniana kwa Kingwana, akauliza ni lugha gani hiyo. Walipomwambia, karibu awabusu. Tangu hapo Medi alipewa redio ya kundi la bondeni na Jawadi ya kundi la kilimani. Amri zote zilipita midomoni mwao. Hakuna mtu katika Syria nzima ambaye angeweza kuzielewa.

"Luga yetu, Yaya! Ile ulinifundisha!"

Nitasema kweli, kwa kuwa sioni faida ya kuandika uongo. Nilijivuna. Kwa pumzi moja nilijivuna. Ya pili ilikuja baridi, nikajua kwamba mimi ndiye niliyemfunga pale, wala si kamanda.

Likizo ya tatu alirudi peke yake.

Siku tatu hakufungua mdomo. Madame alimwambia "karibu, mwanangu" kwa Kiarabu, Jawadi akapita. Bibi alimsalimia kitandani, akapita. Mimi nilimwambia "Habari?" mlangoni pa jiko, kama siku zote, na alirudi nyuma kama mtu niliyemmwagia maji ya moto.

Siku ya nne alinikuta nachuma lengalenga, akachuchumaa kando yangu, akaanza kusema, macho kwenye udongo.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Medi alikuwa chini, katika jengo la shule, na wenzake wanane. Yeye kilimani. Walikuwa wamemaliza kuongea redioni. Sauti ya tatu ikaingia.

"Habari zenu, ndugu zangu? Nyinyi watu wa wapi?"

Kiswahili cha pwani, safi, cha upole. Mpiganaji wa upande wa pili, mgeni kama wao, aliyetoka kwao kuja kufa katika nchi ya wengine.

Na Jawadi akajibu.

"Muzuri. Ya Kisangani."

Hakufikiri. Mdomo ulijibu wenyewe, haraka, kama mtoto mwenye adabu. Sauti ile ikacheka kidogo, bila ubaya, ikasema, "Mko mbali na nyumbani." Halafu redio ikanyamaza.

Medi alikuwa amesikia. Wakabishana. Ilikuwa lazima kumwambia kamanda, lakini angewauliza kwa nini mlimjibu adui, na kule swali hilo halikuwa na jibu zuri. Wakakubaliana kubadili masafa ya redio na kufunga midomo. "Na pia, Yaya," Jawadi akasema, "nilifurahi. Mutu aliniuliza natoka wapi."

Siku mbili hakuna kilichotokea.

Siku ya tatu Medi alisema redioni, kwa Kingwana, kwamba saa sita watapita njia ya mizeituni kwenda kuchota maji.

Walikuwa wanangojewa; sauti ya pwani ilikuwa imeyapata hata masafa mapya.

Jawadi alisikia yote kwenye redio. Milio. Pumzi. Kisha Medi, akimwita kwa jina la nyumbani: "Jado, utaambia mama..."

Hakumaliza.

Sita hawakurudi.

Nilibaki na majani mkononi. Sikumwambia pole. Nilichosema, na sijui kama nilikosea, ni hiki: "Simama. Tunaenda kwetu."

Pasipoti zetu zilifungiwa katika kabati la Madame. Ndivyo wenye nyumba wengi wa kule walivyofanya na watumishi, na Madame, ambaye Kisangani alikuwa mtu mwema, alijifunza haraka. Ya Jawadi ilikuwa humohumo. Ningeweza kuvunja kufuli. Sikutaka kuiba kilicho changu. Nilikwenda mbele yake mchana kweupe, nikafuta mikono kwenye pagne, nikasema:

"Madame, nipe pasipoti. Yangu na ya mutoto."

Wakati huo alikwisha kujua Beirut ilikuwa hadithi. Alikuwa mama wa mpiganaji sasa. Wanawake walimpisha njia. Alisema mwanawe si mwoga. Alisema atasema nini kwa mama za wale waliokufa. Nilimwambia sitoki mlangoni.

"Utasimama mpaka lini?"

"Mpaka unipe."

Kombora la kwanza, kutoka nyuma ya mlima, lilianguka upande wa kisima.

Vioo vikamwagika. La pili karibu zaidi.

Jawadi, aliyekuwa amerudi kutoka vitani, alikuwa amejikunja chini ya sinki la jiko.

Sikufikiri. Nilimburuta mpaka stoo, yeye na Madame. Bibi tulimbeba pamoja na godoro lake. Magunia ya ngano mbele, magodoro juu, mikeka, mazulia, chochote chenye unene. Nilijua. Mikono yangu ilijua. Nilimweka Jawadi katikati yangu na ukuta.

La tatu.

Alifungua mdomo kulia. Ndevu zote zile. Nilimziba masikio kwa viganja.

Nilitaka kusema "Habari?" Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza.

La nne halikuja.

Vumbi lilipotulia, Madame alikuwa anatuangalia. Alimwangalia mwanawe kifuani pangu, mkojo kwenye suruali yake, kisha akaniangalia mimi. Aliinuka, akapita juu ya vioo kwa miguu mitupu, nikasikia ufunguo kabatini. Alirudi na pasipoti mbili. Hakunipa mkononi. Aliziweka juu ya gunia, akaenda kumkung'uta bibi vumbi.

Wanaojitolea hawafungwi minyororo. Jawadi alikuwa likizo bado. Tuliteremka Beirut kwa gari la mboga, na baba yake alikuwa amekwisha kutuma tiketi. Alichopoteza ni kijiji: hawezi kukanyaga tena pale. Madame hakutuaga. Miezi mitatu baadaye bibi alikufa, na Madame akabaki kulinda nyumba. Mpaka leo anazungumza na mumewe kwa simu kila Ijumaa. Jawadi hamuulizii.

Papa Hassani alitupokea uwanja wa ndege wa Bangboka. Alimkumbatia mwanawe mpaka nikaona aibu kuangalia. "Umenirudishia," aliniambia. Nilibeba mizigo, kwa kuwa hakuwa amesikia bado kwamba mwanawe hajibu tena salamu.

Alisikia dukani. Wateja waliingia: "Jado, mbote! Jado, habari ya siku mingi?" Jawadi aliinama, akapima kitambaa, akakata, akafunga. Alisema na watu kwa Kifaransa, maneno machache, kama mtu wa benki. Salamu hakujibu, na kwetu mtu asiyejibu salamu ni mchawi au ni mgonjwa. Wateja walipungua. Mama yule wa Mangobo alikuja, akafikicha nguo kwa mate, akamtania tena. Alipoona hacheki, aliiacha nguo akatoka.

Mama Vero alikuwa mjini. Watu wa upande wa baba walimletea picha kubwa ya Medi, na maandishi ya Kiarabu chini, wakamwambia mwanawe ni shahidi. Zaidi ya hapo hakujua kitu. Papa Hassani alitaka tumwache hivyo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alisema, tusimwongezee. Nilimjibu kwamba aliyekufa alianza sentensi, na mwenye sentensi hiyo ni mama yake. Nikamwambia Jawadi: "Nilikurudisha nusu. Nusu ingine iko kwa Mama Vero. Unaenda, ao namwita?"

Hakwenda. Nikamwita.

Alikuja saa nne, beseni la samaki kichwani, picha kwapani imefungwa katika pagne. Aliiweka juu ya kaunta. Wateja wakampisha.

"Jado. Habari?"

Jawadi aliangalia mkasi.

"Miye sitoke hapa. Habari?"

Nilimwona anatafuta mlango wa nyuma. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa nyuma. Nimesema mimi ni mkaidi.

"Habari, mwana?" Mara ya tatu, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Muzuri, mama," akasema, na sauti ilikwaruza kama ya mtu aliyeamka baada ya homa.

Alimweleza yote. Redio, sauti ya pwani, jibu lake, kunyamaza kwao, njia ya mizeituni. Mama Vero hakukaa, ingawa nilimletea kiti.

"Aliniita?"

"Alikuita. Alisema, 'Utaambia mama.'"

"Utaambia mama nini?"

"Hakumaliza."

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili."

Alitikisa kichwa polepole. "Donc, basi ni weye ulimujibu ule mutu."

"Ni miye."

Mama Vero alichukua picha yake, akatoka. Samaki aliwasahau, au aliwaacha. Sikujua nifanye nini nao, nikawapika, na hakuna aliyeweza kula.

Kesho yake alirudi kuchukua beseni. Mlangoni alisema, "Jado, habari?" na Jawadi akajibu. Siku iliyofuata vilevile. Miaka imepita sasa. Kila asubuhi, akitoka maporomokoni kwenda sokoni, hupitia dukani, husalimia mara moja, husubiri jibu, huenda zake. Wateja wamerudi. Jawadi anabishana nao tena kidogo, kwa Kingwana. Kama Mama Vero amemsamehe sijui. Hajasema, na mimi sijamuuliza.

Nimepima hasara yetu mara nyingi. Baba yangu upande huu, Medi upande huu, na nyuma ya mlima watu nisiowajua, wenye sufuria zao. Hata yule wa pwani, kama bado anapumua, ana mama aliyemfundisha kusalimia. Haipungui. Lakini kuna kipande kimoja ambacho sijakiweka kwenye mizani mbele ya mwenyewe. Mama Vero hajui jibu lile lilitoka wapi. Hajui depo, hajui marobota, hajui kwamba msichana wa miaka kumi na minne alimfundisha mtoto kujibu haraka ili bomu lisimkute.

Hajui kusoma. Kwa hiyo kesho, akifika, nitamwomba akae, na safari hii akikataa kiti nitasimama naye, nimsomee karatasi hizi tangu mwanzo. Atasalimia kwanza, najua. Nitamjibu mimi.